Kipimo cha kidole gumba kwanza, sugamadeksi baadaye: tathmini ya kifaa kimoja na dawa mbili za chumba cha upasuaji

Hospitali inayotaka kuboresha huduma zake za usingizi, na ambayo bajeti yake inaruhusu kununua kitu kimoja tu kipya, inunue kifaa cha kupima nguvu za misuli kabla ya kufikiria kununua sugamadeksi, dawa ya kutengua dawa za kulegeza misuli upasuaji unapokwisha. Huo ndio msimamo wangu baada ya kufanya kazi na kifaa hicho, na neostigmini, dawa ya kutengua tuliyoizoea sote, na sugamadeksi ambayo siku hizi husifiwa kana kwamba imeondoa haja ya kupima. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wataalamu wenzangu wa usingizi, na zaidi kwa ajili ya wajumbe wa kamati za dawa na vifaa tiba, ambao mara nyingi huletewa profoma waidhinishe bila kuelezwa kwa kina kile kinachonunuliwa kinamfanyia mgonjwa nini.

Dawa za kulegeza misuli hazimlazi mtu usingizi wala hazimwondolei maumivu. Kazi yake ni kukatiza mawasiliano kati ya neva na msuli, ili mpira wa kupumulia upite kooni bila kizuizi na daktari wa upasuaji afanye kazi ndani ya tumbo lililolegea. Tangu hapo mgonjwa hapumui mwenyewe, hakohoi, hamezi, na hata akizinduka hawezi kufumbua jicho kutuambia kwamba yuko macho. Harold Griffith na Enid Johnson walimpa mgonjwa dawa ya namna hii kwa mara ya kwanza katika usingizi wa kisasa mjini Montreal, Kanada, tarehe 23 Januari 1942. Mwaka 1954 Beecher na Todd wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa karibu 600,000 katika hospitali 10, ulioonyesha kwamba vifo vilivyohusishwa na usingizi vilikuwa 1 kati ya wagonjwa 370 waliopewa dawa hizo, na 1 kati ya 2,100 miongoni mwa wasiopewa. Takwimu hizo zilizua mabishano makali, na dawa za leo si zile za wakati ule. Hata hivyo, mahali pa hatari hapajahama. Dawa inapoingia mwilini, mashine inampumulia mgonjwa na macho ya wote yako kwake. Hatari iko mwishoni, pale tunapotoa mpira tukiamini kwamba nguvu zimerudi, kumbe zimerudi nusu.

Kipimo cha kuondoa shaka hiyo kipo tangu mwaka 1970, wakati Ali, Utting na Gray wa Liverpool, Uingereza, walipoeleza njia ya kuipa neva mishtuko minne midogo ya umeme, mmoja kila nusu sekunde, kisha kulinganisha mtikisiko wa nne wa msuli na ule wa kwanza. Kwa mtu asiye na dawa mwilini, mitikisiko yote minne hulingana na uwiano wake huwa 1.0. Dawa ikiwapo, wa nne hufifia kuliko wa kwanza. Dawa ikizidi, wa nne hupotea kabisa, ukifuatwa na wa tatu, wa pili, na hatimaye wa kwanza. Zamani uwiano wa 0.7 ulitosha kumtoa mgonjwa mpira. Siku hizi kiwango ni 0.9, kwa kuwa tafiti zilizofanywa kwa watu waliojitolea wakiwa macho zilionyesha kwamba chini ya hapo misuli ya koromeo haifungi sawasawa wakati wa kumeza, na mate au matapishi huweza kuteremka mapafuni. Tena mwili hauitikii upungufu wa oksijeni kwa kasi inayotakiwa. Miongozo ya vyama vya wataalamu wa usingizi vya Marekani na Ulaya, yote miwili ya mwaka 2023, inataka uwiano huo upimwe kwa kifaa kinachotoa tarakimu, na upimwe kwenye kidole gumba.

Mtu anaweza kuuliza kama tatizo lenyewe ni kubwa kiasi hicho. Mwaka 1979 Jørgen Viby-Mogensen na wenzake wa Denmark waliwapima wagonjwa walipofika chumba cha kuzindukia, wakakuta asilimia 42 wakiwa chini ya 0.7, ingawa wote walikuwa wamepewa dawa ya kutengua. Mwaka 2003 Debaene na wenzake wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa dozi moja tu ya dawa ya kulegeza misuli, ile ya kuwekea mpira, bila kuongezewa nyingine na bila kutenguliwa: asilimia 45 walifika chumba cha kuzindukia wakiwa chini ya 0.9, na hata miongoni mwa wale waliokuwa wamepita saa mbili tangu wachomwe dozi hiyo, asilimia 37 walikuwa bado. Ninapowaeleza wenzangu habari hii ya saa mbili, wengi hunyamaza kwanza, maana karibu sote tulifundishwa kwamba dozi moja ya dawa ya muda wa kati huisha yenyewe upasuaji ukichukua saa nzima.

Mazoea yetu ni kumwambia mgonjwa, “Mama, inua kichwa. Kaza mkono wangu. Toa ulimi,” naye akitii tunaridhika. Lakini mtu anaweza kuinua kichwa kwa sekunde tano akiwa na uwiano wa 0.6 au hata chini yake, kwa sababu misuli ya shingo ina akiba kubwa ya nguvu kuliko ile inayoweka wazi njia ya hewa. Kile kichocheo cha bei nafuu kisicho na skrini, kinachopeleka mishtuko na kumwachia mtaalamu atazame kidole au akiguse, nacho kina mpaka wake. Uwiano ukivuka 0.4, jicho na vidole vya mtaalamu, hata awe mzoefu namna gani, havioni tena tofauti kati ya mtikisiko wa kwanza na wa nne. Kuanzia 0.4 hadi 0.9 mtaalamu yuko gizani, na ni katika sehemu hiyo hiyo ndiko wagonjwa wengi hutolewa mpira. Kichocheo hicho nakipa heshima yake, kwa kuwa kinasaidia kuhesabu mitikisiko na kuchagua wakati wa kutengua, na kituo kisicho na kingine kisikidharau. Kinachokosekana ni uwezo wa kumthibitishia mtu kwamba mgonjwa yuko tayari.

Sasa nikieleze kifaa chenyewe. Kinashikika mkononi, kina skrini ndogo, na humo hutoka nyaya mbili za kupeleka umeme na waya mmoja mwembamba wenye kihisi kinachofungwa kwenye kidole gumba. Kihisi hupima mchapuko wa kidole kinapocheza. Kwa kuwa tungamo la kidole halibadiliki, mchapuko huenda sambamba na kani ya msuli, kama kanuni ya pili ya Newton inavyosema. Vifaa vya kizazi cha kwanza vilipima mwendo wa upande mmoja tu, na kidole kikijipinda kidogo tarakimu iliharibika. Vya sasa hupima pande tatu, na hilo limepunguza usumbufu mwingi.

Namna ya kukifunga ndiyo inayoamua kama tarakimu itaaminika. Mkono huwekwa juu ya ubao wake, kiganja kikitazama juu, na ngozi ya upande wa kidole cha mwisho, karibu na kifundo cha mkono, husuguliwa kwa spiriti mpaka mafuta na jasho viishe. Elektrodi mbili hubandikwa kufuata mkondo wa neva ya alna: ya waya mweusi karibu na mkunjo wa kifundo, ya waya mwekundu sentimita chache juu yake kuelekea kiwiko. Hizo ni elektrodi zile zile tunazobandika kifuani kwa ajili ya kipimo cha moyo, na kwa hospitali zetu hii ni sifa kubwa kuliko zote, kwa sababu hakuna kifaa cha matumizi ya mara moja kitakachoisha stoo na kukigeuza kifaa chote kuwa pambo la kabati. Vidole vinne hufungwa kwa plasta ili visitikisike, gumba huachwa huru, na kihisi hukaa kwenye ncha yake. Mgonjwa akishalala, na kabla hajachomwa dawa ya kulegeza misuli, kifaa huachwa kitafute chenyewe kiwango cha umeme kinachotosha, kisha hupimwa uwiano wa mwanzo. Hatua hii haizidi dakika moja, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kuiruka kuna gharama. Vifaa vya kupima mchapuko vina tabia inayojulikana ya kuonyesha uwiano unaozidi 1.0 kwa mtu ambaye hajapewa dawa yoyote. Tuseme uwiano wa mwanzo ni 1.12. Mwishoni skrini ikisoma 0.90, hali halisi ya mgonjwa ni 0.90 kugawanya kwa 1.12, yaani karibu 0.80, na huyo bado hajafika. Aliyeandika uwiano wa mwanzo kwenye chati ya usingizi atalijua hilo. Ambaye hakuandika asubiri skrini isome 1.0 ndipo atoe mpira.

Faida moja ambayo sikuitarajia ni utulivu ambao kifaa hiki kimeleta katika mazungumzo kati ya meza ya upasuaji na kichwa cha mgonjwa. Daktari wa upasuaji akisema, “Dokta, tumbo gumu, ongeza dawa,” zamani tuliongeza kwa kukisia, hata zikiwa zimebaki nyuzi chache za kushona ngozi. Sasa natazama skrini. Kukiwa na mitikisiko mitatu, namwambia kwamba ana haki, na tunajadiliana kama dozi ndogo itatosha au niongeze kina cha usingizi kwa dawa nyingine. Kidole kisipocheza kabisa, jambo linakuwa na ufafanuzi wake: kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumulia, hustahimili dawa kuliko kidole gumba na hupata nguvu mapema, kwa hiyo mgonjwa anaweza kusukuma matumbo au kukohoa kidogo huku kidole kikiwa kimetulia tuli. Hapo kifaa kina kipimo kingine, cha kuichochea neva mfululizo kwa sekunde tano kisha kuhesabu mitikisiko midogo inayofuata, kinachoonyesha ulegevu mkubwa umebakiza kiasi gani. Muuguzi mmoja tunayefanya naye kazi amefikia kuniuliza, daktari wa upasuaji akiomba dawa, “Dokta, kidole kinasemaje?” kabla hajafungua kichupa.

Udhaifu upo, na mnunuzi aujue mapema. Kidole lazima kiwe huru. Mgonjwa akilazwa mikono ikiwa imebanwa kando ya mwili na kufunikwa shuka, kama ilivyo katika upasuaji mwingi wa kutumia kamera tumboni, kidole hugusa godoro na tarakimu hukosa maana. Wapo wanaohamishia elektrodi usoni ili wachochee misuli ya nyusi kwa kuwa uso uko karibu nao, na hao ninawaonya kwa moyo wote, kwa kuwa misuli hiyo hupata nguvu mapema kuliko ya mkono, na utafiti wa Thilen na wenzake wa mwaka 2012 ulikuta waliopimwa usoni wakiwa na hatari inayozidi mara tano ya kufika chumba cha kuzindukia wakiwa na mabaki ya ulegevu. Ikilazimu kupimia usoni wakati wa upasuaji, kabla ya kutengua kifaa kihamishiwe mkononi. Baridi nayo hudanganya: mkono ulioachwa wazi chini ya kiyoyozi, ngozi yake ikishuka chini ya nyuzi 32, hutoa tarakimu za chini kuliko ukweli wa mwili, na dawa yake ni kitambaa tu cha kuufunika. Waya wa kihisi ni mwembamba na ndio unaoharibika kwanza, hasa unapoviringwa kwa haraka usiku na kutupwa kwenye droo pamoja na mipira ya njia ya hewa.

Sokoni kuna majina kadhaa. TOF-Watch ya Organon, ambayo wengi waliosomea nje waliifahamu, haitengenezwi tena, na anayeuziwa iliyotumika ajiulize atapata wapi vipuri. TOFscan hutoka Ufaransa. Stimpod hutengenezwa na Xavant Technology ya Pretoria, Afrika Kusini, na kwa sisi wa ukanda huu kuna mantiki ya kuitazama kwa makini, kwa kuwa kifaa hicho kimoja hutumika pia kutafutia neva wakati wa kuchoma ganzi ya mkono au mguu. Ipo pia familia nyingine inayopima umeme wa msuli badala ya mwendo wa kidole, kama TetraGraph ya Senzime ya Uppsala, Sweden. Hiyo haihitaji kidole kiwe huru, haina tatizo la kuzidi 1.0, na kwa usahihi peke yake ningeiweka juu. Kikwazo chake ni elektrodi maalumu za kutumia mara moja na kutupa. Hospitali yenye uhakika wa kuzipata kila mwezi inunue hiyo bila wasiwasi. Hospitali ambayo hata glavu huisha mwezi haujaisha inunue inayotumia elektrodi za kawaida.

Neostigmini inastahili kutetewa, maana imeanza kudharauliwa na watu ambao hawajawahi kuitumia ipasavyo. Ni dawa ya bei ndogo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutengua dawa zote za kulegeza misuli tunazotumia isipokuwa suksamethoniamu, ambayo kwa kweli huifanya idumu zaidi. Inafanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva kwenye msuli, ili asetilikolini iongezeke na kushindana na dawa iliyokalia vipokezi vya msuli. Na kwa kuwa ni ushindani, una dari: kimeng'enya chote kikishazuiwa, kuongeza dozi hakuongezi chochote zaidi ya madhara. Ndiyo maana dozi haipaswi kuzidi miligramu 0.07 kwa kilo wala miligramu 5 kwa jumla, na ndiyo maana kumpa mgonjwa ambaye kidole chake hakichezi ni kupoteza dawa na kujipa matumaini ya uongo.

Kasi yake nayo haieleweki vizuri. Nguvu yake hufika kileleni baada ya dakika 7 hadi 11, lakini katika thieta nyingi huchomwa mshono wa mwisho ukishakatwa, na mpira hutolewa kabla dakika tatu hazijaisha. Ikitolewa mapema mno inashindwa pia. Blobner na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, waliwatengua wagonjwa waliolegezwa misuli kwa dawa ya rokuroniamu mtikisiko wa pili uliporejea, na waliopewa neostigmini walichukua wastani wa dakika 18.6 kufikia 0.9, ilhali wa sugamadeksi walichukua 1.5. Tofauti hiyo hutajwa sana katika kuitangaza sugamadeksi. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba mtaalamu mwenye kipimo akisubiri hadi uwiano ufike 0.4 au zaidi, neostigmini ya miligramu 0.03 hivi kwa kilo humfikisha mgonjwa wake 0.9 ndani ya dakika kama kumi. Bila kifaa hawezi kujua kwamba 0.4 imefika, na kwa sababu hiyo ninasema kifaa ndicho kinachoipa neostigmini thamani yake kamili. Atropini isisahaulike, kwa kuwa neostigmini peke yake hupunguza mapigo ya moyo kwa hatari. Penye glikopiroleti ningeichagua hiyo, kwa kuwa kasi yake inaendana vizuri zaidi na ya neostigmini na haiufanyi moyo kwenda mbio kama atropini.

Kundi la wagonjwa ambalo kipimo hiki kimebadilisha kabisa namna ninavyowahudumia ni akina mama wenye kifafa cha mimba wanaofanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa usingizi kamili. Mama huyu huja akiwa tayari amepewa magnesiamu salfeti, ambayo ni dawa sahihi na imeokoa maisha ya wengi, lakini magnesiamu hupunguza utoaji wa asetilikolini kwenye ncha ya neva na kuifanya dawa ya kulegeza misuli iwe kali na ya kudumu kuliko kawaida. Dozi ya vekuroniamu ambayo kwa mwingine ingeisha kabla upasuaji haujamalizika, kwake huweza kudumu muda mrefu sana, na neostigmini humsaidia polepole. Antibayotiki ya jentamaisini huongeza ugumu wa hali hiyo kwa njia inayokaribiana. Mama kama huyo akitolewa mpira kwa makadirio, anapelekwa wodini ambako muuguzi mmoja ana vitanda vingi, akiwa na shinikizo la damu la juu, usingizi mzito na koo lisilomeza sawasawa. Kwa kipimo tunamwacha kwenye mashine mpaka skrini itupe ruhusa, hata ikichukua saa nzima ya ziada, na sijaona daktari wa upasuaji aliyepinga alipoonyeshwa tarakimu. Kama ningeambiwa nitaje mgonjwa mmoja wa kumwonyesha mjumbe wa kamati anayesitasita, ningemtaja huyu.

Sugamadeksi ni dawa ya ajabu, na sitaki maneno yangu yaonekane kuikataa. Ilibuniwa katika maabara ya Organon huko Newhouse, Scotland, ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwezi Desemba 2015. Badala ya kushindana kwenye msuli, molekuli yake yenye umbo la pete huimeza molekuli ya rokuroniamu ndani ya damu na kuifungia humo, nayo hutolewa kwa figo. Kwa hiyo inaweza kutengua ulegevu wa kina ambao neostigmini haiugusi: miligramu 2 kwa kilo mtikisiko wa pili ukirejea, miligramu 4 kwa kilo kidole kikiwa bado hakichezi kwa mishtuko minne lakini kikiitikia kile kipimo cha ulegevu mkubwa, na miligramu 16 kwa kilo dakika tatu baada ya dozi kubwa ya rokuroniamu pale njia ya hewa inapokataa. Nimeiona ikimrudishia mgonjwa pumzi zake kabla muuguzi hajamaliza kuandika jina lake kwenye chati, na aliyeiona hivyo mara moja haisahau.

Lakini kamati ya manunuzi ijiulize swali moja kabla ya bei: hospitali yetu inatumia dawa gani ya kulegeza misuli? Sugamadeksi huifunga rokuroniamu, na vekuroniamu kwa nguvu isiyofika nusu ya hiyo. Haina kazi yoyote kwa atrakuriamu wala sisatrakuriamu wala suksamethoniamu. Hospitali nyingi za kwetu hutegemea atrakuriamu, tena kwa sababu nzuri, kwa kuwa huvunjika yenyewe mwilini bila kutegemea figo wala ini; hospitali ya namna hiyo ikijaza sugamadeksi kabatini itakuwa imenunua ufunguo wa nyumba isiyo yake. Kuhamia rokuroniamu maana yake ni kuhakikisha jokofu la nyuzi 2 hadi 8 lisilozimika, ilhali vekuroniamu ya unga hukaa kwenye rafu ya kawaida.

Kisha ndipo ije hesabu. Mgonjwa wa kilo 80 anahitaji miligramu 160 kwa dozi ndogo, ambayo ni kichupa kimoja cha miligramu 200. Kwa dozi ya kati ni 320, vichupa viwili. Kwa dharura ya njia ya hewa ni 1,280, yaani vichupa saba. Hospitali iliyonunua vichupa viwili “kwa ajili ya dharura” haina dawa ya dharura. Kuna pia tahadhari za kimatibabu ambazo hazitajwi vya kutosha: mzio mkali unaoweza kuangusha presha ghafla, mapigo ya moyo kushuka, kutopendekezwa kwa wenye figo zilizochoka sana, na jambo ambalo kila mwanamke anayetumia uzazi wa mpango wa homoni anapaswa kuambiwa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, kwamba dawa hii hupunguza nguvu ya homoni hizo, na anahitaji kinga nyingine isiyo ya homoni kwa siku 7.

Wala haiondoi haja ya kupima. Kotake na wenzake wa Japani walichapisha mwaka 2013 matokeo ya wagonjwa waliotenguliwa bila mtaalamu kutumia kipimo: miongoni mwa waliopewa neostigmini, asilimia 23.9 walibaki chini ya 0.9, miongoni mwa waliopewa sugamadeksi, asilimia 4.3. Maendeleo ni makubwa, bila ubishi, lakini mgonjwa mmoja kati ya kila 23 hivi alitoka na ulegevu baada ya kupewa dawa ya gharama kubwa, na aliyempa asingeweza kumtambua kwa macho.

Kuna ushahidi unaoonekana kunipinga, na haki ni kuutaja. Uchunguzi mkubwa wa Ulaya uitwao POPULAR, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 22,000, haukuona kwamba kutumia kipimo au dawa ya kutengua kulipunguza matatizo ya mapafu baada ya upasuaji. Wapo wanaousoma kama hukumu dhidi ya kifaa. Mimi ninausoma kwa namna nyingine: kufunga kifaa mkononi si sawa na kuitii tarakimu yake, na uchambuzi wa baadaye wa takwimu hizo hizo uliona matatizo machache zaidi kwa waliotolewa mpira uwiano ukizidi 0.95. Hospitali itakayonunua kifaa kisha ikaendelea kutoa mpira kwa sababu orodha ya wagonjwa ni ndefu, isitarajie mabadiliko.

Upande mwingine wa jambo hili ni mgonjwa anayezinduka akili ikiwa timamu na mwili ukiwa haujitikisi. Uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2014, NAP5, ulikadiria kwamba taarifa za kuwa na fahamu wakati wa usingizi zilikuwa karibu 1 kwa kila 8,200 pale dawa ya kulegeza misuli ilipotumika, na 1 kwa kila 135,900 pale isipotumika. Baadhi ya matukio hayo yalitokea mwishoni, usingizi ukiwa umezimwa na misuli ikiwa bado imefungwa, na kifaa cha kidole gumba kingeonyesha hilo kabla mtu hajafunga vaporaiza, chombo kinachotoa mvuke wa dawa ya usingizi.

Kwa hiyo kwa kiwango cha nyota tano, kifaa cha kupima mchapuko nakipa nne, neostigmini pamoja na kifaa nne, neostigmini bila kifaa mbili, na sugamadeksi nne kwa hospitali inayotumia rokuroniamu, ina kifaa tayari, na inaweza kuweka akiba ya dozi kamili ya dharura. Kwa anayeandaa oda, aombe kifaa kimoja kwa kila meza ya upasuaji inayotumia dawa hizi, kwa kuwa kifaa cha kuazimana kati ya vyumba viwili huishia kutotumika katika vyumba vyote viwili. Aombe pia waya wa kihisi wa akiba uandikwe ndani ya mkataba wenyewe, chaja au betri zinazopatikana mjini, na siku nzima ya mafunzo inayowahusisha wauguzi wa chumba cha kuzindukia. Chati ya usingizi nayo ichapishwe upya ikiwa na visanduku viwili, cha uwiano wa mwanzo na cha uwiano wa wakati wa kutoa mpira.